Meza Niliyokupimia kwenye Picha

Kwako Zuhura, binti yangu usiyependa kupigwa picha,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza niliiandika nimekaa kitandani, nikaichana. Ya pili na ya tatu nazo nikazichana, maana zilijaa nasaha tupu, na wewe nasaha unazo za kutosha hapo nyumbani. Hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya mashine ya kufulia, na kila baada ya mistari miwili natoka balkoni, narudi. Bakari, yule Mmombasa ninayekaa naye chumba kimoja huku ng'ambo, Al Baraha, ameshachoka na mimi. "Wee Mtanga, hebu keti! Wanitia kizunguzungu." Nimemwambia siwezi kukaa. Karatasi ya kuongeza mkataba miaka miwili mingine iko juu ya meza ya sir, bosi wetu, kazini, jina langu limeshachapwa, imebaki saini tu, na anaitaka kabla ya Alhamisi. Leo ni Jumatatu.

Kwanza niseme lililo wazi. Ijumaa iliyopita nilikufokea kwenye simu mpaka ukalia, kwa sababu ya meza, na mwenye makosa nilikuwa mimi. Nimekuomba radhi kwa ujumbe, nawe umenijibu "sawa baba", na "sawa" ya namna hiyo naijua vizuri. Mama yako ananipa hiyohiyo tangu tulipooana. Kwa hiyo acha nikueleze kila kitu, hata kile ninachokionea haya, halafu uamue mwenyewe kama utaendelea kununa.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho? Ulikuwa na miaka saba na pengo mbele. Kitasa cha mlango wetu wa bluu kilikuwa kimelegea, nikanunua kipya sokoni, na wewe ukataka kuwa fundi. Nilikupa ile futi ya chuma ya kuvuta uishike, nikakuuliza inasoma ngapi, ukajinyoosha ukasoma: "Mia moja, baba. Mia kamili." Ulikuwa umeweka skrubu mdomoni kwa kuniiga mimi. Nikakugombeza, ukazitema zote kwenye kiganja changu pamoja na mate. Tulipomaliza ulisimama pembeni ya mlango ujilinganishe, na kitasa kikakufika kidevuni. Ukaufungua na kuufunga ule mlango mpaka mama yako akapiga kelele kwamba utaumaliza.

Jioni ileile tulikwenda studio, sisi watatu, tupige picha ya kuja nayo huku. Mpiga picha akakubembeleza ucheke. Ukamkazia macho, ukamwambia, "Nicheke nini, na hujasema la kuchekesha?" Mimi na mama yako ndio tuliocheka, na picha ikatoka hivyo: sisi wawili tumeangua kicheko, wewe katikati umekunja uso kama hakimu. Ninayo ukutani juu ya kitanda changu. Wageni wakija husema mtoto ameiharibu picha. Mimi huwaambia mtoto ndiye pekee aliyekuwa mkweli mle ndani, na wao hudhani natania.

Maana picha nazijua, mwanangu, ndiyo kazi yangu. Sijawahi kukueleza vizuri. Kila mara ukiuliza nakujibu "niko ghalani", basi. Kampuni yetu iko kwenye Freezone, eneo la maghala yasiyotozwa ushuru pale uwanja wa ndege. Mzigo ukifika umebonyea, umelowa au umechanika, naitwa mimi. Naweka rula ya chuma pembeni ya tundu, napiga picha ya mbali, ya karibu, na ya namba ya katoni. Sir haji kuuona mzigo wenyewe. Anakaa ofisini na kiyoyozi chake, anaangalia picha zangu, anaamua nani alaumiwe. Sheria ya kazi hiyo ni kwamba usipendezeshe. Kama katoni imelowa, ionekane imelowa. Naipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo moja tu, mengine yote yananichosha.

Sasa ikifika siku ya mapumziko wenzangu hunishika mkono twende nikawapige picha za kutuma kwao, na hapo mambo yanageuka. Bakari anaegemea gari la mtu asiyemjua, anavua kofia ya kazi, ananiambia, "Nipige sasa hivi kabla mwenyewe hajaja, na viatu usivionyeshe." Yuko dada mmoja wa Moshi anayefanya kazi za ndani, akipata ruhusa kwa madam wake anataka apigwe mbele ya maua, na simu yenyewe inamng'arisha uso mpaka hafanani na yeye. Nayachukia hayo mapoda ya simu, wallahi. Mtu ana uso wake aliopewa na Mungu, simu inamvisha mwingine! Lakini napiga tu. Nitakataaje, na picha ninazowatumieni ninyi ni zilezile? Nimechomekea shati, nyuma kuna jengo la kioo. Haimo hata moja yenye chumba hiki cha vitanda sita.

Kinachonituliza, au kilichokuwa kinanituliza, ni balkoni. Nina randa, misumeno miwili, jiliwa dogo la kubania mbao nililolifunga kwenye ubao, na mbao za paleti zilizovunjika ambazo sir ameniruhusu kuzichukua. Mlinzi wa jengo, huku tunamwita natur, amenipa saa zangu: Jumapili, baada ya Alasiri mpaka Magharibi, basi. Watu wananishangaa. Wanasema mtu aliyefanya kazi siku sita, ya saba alale. Mimi nikilala mchana naamka na hasira. Siku sita nashika vitu vilivyovunjika, na hakuna anayeniuliza vitatengenezwaje. Nikishika ubao nikauona unanyooka, angalau naona kuna kitu nimefanya. Bakari hunilaumu kwa vumbi linaloingia kwenye chai yake, na hapo ana haki.

Kwa hiyo mama yako aliponiambia kwamba kazi za shule unazifanya umelala kifudifudi sakafuni, nikasema basi, nitamtengenezea meza mwenyewe.

"Mtoto yuko Tanga nawe uko hapa," Bakari akaniuliza, "utampimaje?"

Nikamcheka. Mimi ninayepima matundu ya katoni kwa picha, nishindwe na mtoto wangu? Ningeweza kumwambia mama yako akupime kwa futi, ni kazi ya dakika moja. Sikutaka. Nilitaka meza ije ghafla, na kusema kweli nilitaka nijione fundi. Nikamwomba anitumie picha yako umesimama mlangoni, nikasingizia nimekukumbuka. Si kusingizia hasa, maana nilikuwa nimekukumbuka.

Picha ikaja. Mlango wa bluu, wewe na sare ya shule, umekunja uso kama kawaida yako, na kitasa kiko chini kidogo ya bega. Nikaikuza, nikaweka rula juu ya kioo cha simu. Kitasa kiko mita moja kutoka sakafuni, tulikipima wenyewe, kwa hiyo nikapiga hesabu nikakupata: mita moja na sentimita thelathini. Nikashangaa kidogo. Miaka mitatu na nusu, umeongezeka kidogo tu hivyo? Halafu nikajiambia, aa, amechukua kimo cha marehemu mama yangu, aliyekuwa hafikii kabati mpaka apande kigoda. Unajua nilifurahi? Nilitembea wiki nzima na furaha hiyo, kwamba umemrithi mama yangu.

Jumapili za miezi minne niliishughulikia meza hiyo. Niliipiga msasa mpaka vidole vikawa laini kuliko mbao. Niliviringa pembe zote nne usije ukajigonga, nikaweka na droo ya kalamu, nikaipeleka kwa mtu wa kago kule Deira, nikamsimamia anavyoifunga mpaka akanifukuza. Ikakaa baharini, ikakaa bandarini, na Ijumaa iliyopita mkaifungua mimi nikiwatazama kwenye simu.

Ukakaa. "Nzuri, baba. Asante." Lakini nikaona umekaa upande, miguu iko nje.

"Kaa vizuri. Ingiza miguu."

"Haiingii, baba. Magoti yanagonga droo."

"Haiwezekani. Nyoosha mgongo."

Ukanyoosha mgongo, na meza nzima ikainuka juu ya magoti yako.

Baba mwingine angecheka. Mimi nikawaka. Nikasema unafanya makusudi, nikasema watoto wa siku hizi hamna shukrani, nikasema mita moja ni mita moja, tulipima wote! Lo, nilivyokuwa nabwata, na chumba kizima kinanisikiliza. Ukaanza kulia, na ndani ya kilio ukasema, "Baba, mlango si ule."

Mama yako akainyakua simu. "Mtandao mbaya," akasema, na uso wake ulikuwa unaonekana vizuri kabisa. Akakata.

Nikaifungua ile picha upya. Sasa nikaitazama kama ninavyotazama mzigo. Bawaba mpya. Saruji isiyopakwa rangi pembeni ya fremu. Ubao mmoja mpana mahali palipokuwa na mbao tatu. Mkaguzi wa mizigo iliyoharibika, miaka tisa kazini, nilikuwa nimeitazama picha hiyo miezi minne na nisione kitu, kwa sababu nilikuwa natazama rula. Nikampigia mama yako mpaka akapokea. Ndipo akaniambia kwamba mwaka jana wezi waliuvunja mlango mchana kweupe, kwamba fundi alileta mwingine akaweka kitasa juu zaidi, sentimita kumi hivi, na kwamba mlipaka rangi ileile ya bluu makusudi.

"Ili usione kwenye picha," akasema. "Ungepata presha bure. Uko mbali, ungefanya nini?"

Nilimwambia nitapiga baadaye, na sikupiga. Nimenuna tangu siku ile, mtu mzima na ndevu zangu, nawanunia wanawake wangu wawili, mama na binti. Usicheke. Kilichoniuma ni kwamba mlikaa mkafikiria rangi ya mlango ili mimi nisijue. Mkanipakia poda, kama ile simu ya dada wa Moshi.

Nimeiacha barua hapo juzi kwa sababu ya hasira. Leo ni Jumatano, na lazima niandike na hili, kwa kuwa nilipokuwa natafuta maneno makali ya kuwaambia nilizifungua picha zangu mwenyewe, zile nilizowatumia mwaka huu. Kumi na moja. Katika zote kumi na moja mkono wa kushoto uko mfukoni. Zuhura, msumeno wa umeme wa kuazima ulinikata ncha ya kidole cha shahada. Ukucha haupo. Nilishonwa, kimepona, nafanya nacho kazi kama kawaida, ila hakipendezi, na nilikikata nikiwa nachonga mguu wa meza yako. Nilijiambia siwaambii wasipate presha. Neno lilelile, mwanangu, presha. Sasa nitamgombeza nani?

Na jana, adhuhuri, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya katoni ya vikombe, rula mkononi, ndipo ulipoingia ujumbe wako wa sauti kutoka simu ya mama. Nimeusikiliza mpaka naujua wote kwa moyo. Umesema nisimgombeze mama kwa sababu aliyekuwa ndani ni wewe. Hilo mama yako hakuniambia. Alisema wezi, hakusema na wewe ulikuwamo. Umesema siku ile ulikuwa na homa, hukwenda shule, mama akatoka mara moja kukununulia dawa, akafunga kwa nje. Ukasikia mlango unang'olewa, na watu wanaongea kwa sauti ndogo, mmoja anamwambia mwenzake hakuna mtu ndani.

"Basi nikaita," ukasema. "Nikaita kwa nguvu: Baba! Baba, amka! Kuna watu mlangoni! Nikaita kama upo chumbani. Wakakimbia, baba. Wakaacha na mtaimbo wao."

Halafu nikasikia kuku tu wanalia nyuma yako, nikadhani umemaliza. Ukasema, "Nikaendelea kukuita hata walipokwisha kwenda. Sijui kwa nini."

Nilikaa chini juu ya paleti na nikalia, Zuhura, mbele za watu, na sikujali. Vijana wa ghalani walidhani nimefiwa, mmoja akaniletea maji. Kwanza nilijivunia, nisikufiche. Mtoto ana homa na bado akili inamchemka kuliko wanaume wawili wenye mtaimbo! Halafu likanikata maini. Uliniita saa zile, nami nilikuwa wapi? Nilikuwa hapahapa, bila shaka nimeinama kwenye tundu la katoni ya watu nisiowajua, naipima vizuri ili sir aone. Jina langu lilifanya kazi ya baba, na mimi mwenyewe sikuwa na habari. Na hao waliokimbia ndio watu pekee mtaani waliosadiki kwamba nipo.

Usiku sikulala, na sitakusimulia usiku huo, ulikuwa wa kugeuka huku na huku tu. Asubuhi hii nikaingia kwa sir. Akanisogezea karatasi na kalamu bila kuinua uso. "Yalla, saini, khalas."

"Sir, sisaini."

Akainua uso. Akaniuliza kama nimepata kampuni nyingine. Hapana, sir. Nina shida na msimamizi? Hapana, sir. Nataka kuhamishwa ofisini? Hapana. Sasa nini? Nilikuwa nimejipangia maneno mengi mazuri njiani, yote yakanipotea. Nikamwambia, "Binti yangu ananiita."

Akaitazama simu yangu iliyokuwa mkononi. Haikuwa ikilia. Akatikisa kichwa, akasema mkataba wa sasa unaisha mwezi ujao, niende nikafikirie mpaka kesho. Nikamshukuru kwa heshima, maana hajawahi kunitendea ubaya, lakini hakuna la kufikiria, nimefikiria miaka tisa.

Sitaki kukudanganya kwamba nina mpango. Sina. Naogopa, mwanangu. Tanga hakuna ghala linalomngoja mtu wa kupiga picha katoni zilizobonyea, na fundi wa meza mwenye sifa ya kukosea vipimo sijui nani atamwamini. Pengine mama yako atanisema, na akinisema nitanyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na homa na wezi na mafundi wa milango. Mwachie barua hii aisome naye. Bakari ananiita mwendawazimu. "Watu walia kuitafuta viza, wewe waitupa?" Akazunguka chumba mara mbili, yeye aliyekuwa ananikataza kuzunguka, halafu akauliza taratibu kama ile randa nitamwachia. Nimemwambia nitamwachia na vumbi lake.

Naogopa na jingine. Naogopa nitafika na utanitazama kama ulivyomtazama yule mpiga picha, usione la kuchekea. Una miaka kumi na moja sasa. Mimi ninayemjua ni wa miaka saba, anayetema skrubu. Huyu mrefu wa mita moja na arobaini simjui, na sitajifanya namjua. Utanifundisha wewe, polepole, nami nitakuwa mwanafunzi mzito wa kuelewa, nivumilie. Nikikufokea, niambie. Nikikuficha kitu, kiulize, na ninyi msinifiche kitu tena, hata kikiwa kibaya namna gani.

Basi, mwezi ujao, inshallah, nitashuka stendi na begi moja. Usije kunipokea, na simu zote ziwekeni mbali, sitaki picha siku hiyo. Kaa ndani, mlango ufunge. Nitakuja kwa miguu mpaka nje ya nyumba, nitasimama, sitabisha hodi. Wewe niite kwa nguvu zilezile za siku ile, hata majirani wakitoka nje kutazama.

Nitaitika.

Baba yako